Oveni Inayojisafisha Baada ya Miaka 3: Mwokaji Mzuri Mwenye Kufuli Bubu

Oveni ninayoitathmini hapa ni ya umeme, ya kujengewa ndani ya kabati, yenye mlango wa vioo vinne na programu ya kujisafisha kwa joto kali. Nimeitumia kwa miaka 3, karibu kila siku. Sitaitaja kampuni iliyoitengeneza, kwa sababu kasoro ninayotaka kuieleza si ya kampuni moja: kufuli la mlango huendeshwa na sehemu ndogo zilizofichwa mahali penye joto, na likigoma halisemi limegomea nini. Katika nyota 5 ninaipa 3. Nyota moja imechukuliwa na kufuli hilo, na nyingine imechukuliwa na kijitabu cha maelekezo.

Kuhusu kuoka sina mengi ya kusema, kwa kuwa oveni inayooka vizuri haina hadithi. Joto linasambaa sawasawa, na nilipoweka kipimajoto changu katikati ya rafu huku nimechagua nyuzi 180 za Selsiasi, tofauti haikuzidi nyuzi 5. Mkate huiva kwa rangi moja mbele na nyuma. Taa ya ndani imeungua mara moja tu, nikaibadilisha mwenyewe. Anayetaka oveni ya kuokea tu, na akawa na hakika kwamba hatagusa kitufe cha kujisafisha, anaweza kuishia hapa na kwenda kuinunua.

Lakini wengi wetu tunaonunua oveni ya aina hii tunainunua kwa ajili ya kitufe hicho hicho. Wazo lenyewe ni la zamani: General Electric ya Marekani iliingiza sokoni oveni ya kujisafisha mwaka 1963, na kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo. Oveni hujipasha moto hadi kati ya nyuzi 430 na 500, wakati uokaji wa kawaida haufiki hata nyuzi 300, na katika joto hilo mafuta yaliyogandamana kutani huungua yakawa majivu mepesi ambayo hufutwa kwa kitambaa chenye maji. Mlango ukifunguliwa wakati huo, anayefungua ataungua, kioo kinaweza kupasuka, na hewa inayoingia ghafla inaweza kuwasha mabaki ya mafuta na moshi uliomo ndani. Kwa hiyo kufuli si pambo. Bodi ya umeme, yaani ubao wa saketi unaoiongoza oveni, hulifunga programu inapoanza, na hulifungua pale tu joto linaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa kiwandani, ambacho katika oveni nyingi huwa karibu nyuzi 300 au chini zaidi.

Mara 5 za kwanza programu hiyo ilifanya kazi kama ilivyoahidiwa. Mara ya 6 niliianzisha jioni, baada ya kutoa rafu za waya na kukwangua ukoko mzito uliokuwa chini, nikaiacha imalize saa zake 3. Nilipokwenda kulala skrini ilikuwa inaonyesha alama ya kufuli, jambo ambalo halikunishtua kwa kuwa mlango ulikuwa bado na joto. Asubuhi oveni ilikuwa imepoa kabisa, feni yake imenyamaza, kioo cha mbele baridi mkononi, alama ya kufuli bado inawaka, na mlango haukutikisika.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa. Katika oveni hii alama hiyo moja, kufuli dogo jekundu pembeni mwa saa, hutumika kwa hali nne ambazo hazihusiani: vitufe vimefungwa ili watoto wasivichezee, oveni bado ina moto, ndoana ya kufuli, yaani ulimi wa chuma unaoshika mlango, iko njiani, haijafika, au kufuli limeharibika. Aliyesimama mbele ya oveni haambiwi ni ipi kati ya hizo. Kijitabu cha maelekezo, chenye kurasa zaidi ya 60, kinalipa kufuli mistari mitatu, na mistari yenyewe inamkataza mtu kuvuta mlango kwa nguvu na kumtaka awasiliane na huduma ya wateja. Niliwasiliana nao. Niliambiwa nisubiri oveni ipoe. Nikajibu kwamba imepoa tangu alfajiri. Nikaambiwa nisubiri zaidi.

Ushauri wa kusubiri si wa kipuuzi, na ninakiri kwamba kwa watu wengi ndio unaomaliza kazi. Oveni iliyofunikwa vizuri kwa sufi ya kioo huhifadhi joto kwa saa nzima au zaidi baada ya programu kwisha, na kioo cha nje kinaweza kuwa vuguvugu tu wakati ndani bado kuna joto la kuunguza. Tatizo ni kwamba mhudumu hakuwa na swali la pili. Hakuniuliza kama vitufe vinaitika, hakuniuliza kama ninasikia mota inayosogeza ndoana ikilia, wala hakuniuliza kama kuna herufi na namba ya hitilafu kwenye skrini, na maswali hayo matatu yangemwambia karibu kila kitu.

Nikaanza na lililo jepesi. Kitufe chenye alama ya ufunguo kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde kati ya 3 na 5, kufuli la watoto huondoka, na katika baadhi ya oveni kufuli hilo hushika mlango pia, siyo vitufe peke yake. Kwangu vitufe vyote vilikuwa vinaitika na saa iliweza kubadilishwa, kwa hiyo kufuli la watoto halikuwa na hatia. Hatua ya pili ilikuwa kukata umeme. Oveni ya kujengewa ndani mara nyingi haina plagi inayofikika, hivyo nilizima breka yake kwa dakika 5 kisha nikaiwasha tena. Kufanya hivyo si uganga. Bodi inapoamka upya huangalia kwanza kufuli liko wapi, na ikiona halijafunguka wakati oveni ni baridi, huipa mota amri ya kulifungua. Zipo oveni zilizofunguka kwa hatua hiyo peke yake.

Yangu haikufunguka, lakini ilisema jambo. Mara tu umeme uliporudi nilisikia mngurumo mdogo juu ya mlango, kama wa saa ya ukutani inayovuta pumzi, ukaendelea kwa muda, ukakoma. Nilizima na kuwasha tena, safari hii nimeegemeza shavu kwenye kabati na kumulika kwa tochi ya simu katika upenyo ulio kati ya mlango na fremu. Ndoana ilionekana: ulimi wa chuma wenye upana wa kidole kidogo, umepauka kwa joto, umeingia kwenye tundu lake mlangoni. Mota ilipoanza kulia ulimi ule ulisogea pembeni taratibu, ukatoka kabisa kwenye tundu, ukatulia kwa kitambo kifupi, kisha, mbele ya macho yangu, ukarudi ndani. Ukatoka tena. Ukarudi tena. Mota ikanyamaza na alama nyekundu ikabaki pale pale.

Ili nilichokiona kieleweke, inabidi nieleze kifaa chenyewe kinavyofanya kazi. Mota ya kufuli huzunguka upande mmoja tu, polepole, na huzungusha kigurudumu chenye umbo la yai. Nusu ya mzunguko husukuma ndoana ndani, na nusu nyingine huitoa. Mota yenyewe haijui imefika wapi. Anayejua ni swichi ndogo, isiyozidi ukubwa wa ncha ya kidole gumba, ambayo kigurudumu huibonyeza na kuiachia kinapopita. Swichi ikibadilika, bodi hujua ndoana imetoka na hukata umeme wa mota papo hapo. Isipobadilika, bodi huendelea kuipa mota umeme, mota huvuka mahali pa kusimama, ndoana hurudi ilikotoka, na baada ya muda bodi hukata tamaa na kutangaza hitilafu. Kwa maneno mengine, kufuli langu lilikuwa linafunguka vizuri kabisa, ila hakuna aliyekuwa analiambia kwamba limekwisha kufunguka.

Ndiyo maana ninasema masikio na tochi vina thamani kuliko kile kijitabu. Kama mota hailii kabisa, mashaka yanaelekea kwenye mota, waya zake au bodi inayoipa umeme, na fundi mwenye mita ya kupimia ataanza kwa kupima koili ya mota kujua kama imekatika. Kama mota inalia lakini ndoana haisogei, basi kilichokwama ni kile kinachounganisha viwili hivyo, yaani fimbo ya chuma iliyopinda kwa joto au iliyotoka kwenye njia yake, au grisi iliyoungua ikawa ugumu mweusi kama lami. Na kama hakuna hata jaribio la kufungua ingawa oveni ni baridi, ni vizuri kukitazama kihisi joto, ile fimbo nyembamba inayochomoza kwenye ukuta wa nyuma ndani ya oveni. Vihisi vingi vya oveni vina waya wa platini ambao upinzani wake hupanda kadiri joto linavyopanda. Aina inayopatikana sana husoma takriban omu 1,080 katika joto la kawaida la chumba, na karibu omu 1,940 katika nyuzi 250. Kihisi kilichokatika ndani husoma upinzani usio na mwisho, na bodi isiyokuwa na macho mengine inaweza kuuchukulia kuwa ni moto mkali, ikakataa kuufungua mlango wa oveni iliyolala baridi usiku kucha. Kila kampuni ina herufi na namba zake za hitilafu, na msimbo wa kampuni moja hauna maana kwa nyingine, kwa hiyo usomwe katika kijitabu cha modeli husika tu, kama bahati imekijalia kuwa nao.

Baada ya kuelewa kwamba ndoana hutoka kwa kitambo kisha ikarudi, jibu la muda lilijileta lenyewe. Nilimwomba mdogo wangu asimame kwenye boksi la breka, ukumbini, mimi nikabaki jikoni na tochi. Aliwasha. Mota ikalia, ulimi ukaanza kusogea, nikapaza sauti, "Zima!" Alizima, lakini ulimi ulikuwa umekwisha kurudi nusu. Jaribio la pili niliwahi mno, ukabaki umeng'ang'ania ukingo wa tundu. La tatu nilingoja hadi nikaona mwanga wa tochi ukipita kati ya ulimi na tundu, nikasema tena, akazima, na mlango ukaja mkononi kwa wepesi ulionifanya nicheke. "Umefunguka, dada?" akauliza kutoka ukumbini. Ulikuwa umefunguka. Ndani kulikuwa na majivu ya kijivu, kiganja kimoja hivi, na enameli ya kuta za ndani safi kama ya siku ya kwanza. Kwa usafi, programu hii haina mpinzani. Hilo nalo lazima lisemwe.

Sisemi kila mtu afanye hivyo, na kwa hakika isifanywe kabla oveni haijapoa. Kinachonitia wasiwasi zaidi ni mambo ninayosikia watu wakiyafanya badala yake: kuuvuta mpini kwa mikono miwili huku mguu umekanyaga kabati, au kupenyeza bisibisi nene na kukwanyua. Mlango wa vioo vinne ni mzito, bawaba zake zina springi kali, na ndoana iliyopinda haitaingia tena sawasawa hata kifaa kizima kikibadilishwa. Baadhi ya mafundi hutumia waya mwembamba au bapa jembamba la chuma kuisukuma ndoana pembeni wakati umeme umezimwa, na njia hiyo hufanya kazi katika oveni ambazo ndoana yake inafikika. Hata hivyo inamhitaji mtu anayejua ndoana inaelekea upande gani, kwa sababu ukiisukuma kinyume unaikaza.

Fundi wa kampuni alifika baada ya siku 9. Siku hizo zote tuliitumia oveni bila kufuli, kwa kuwa bodi iliruhusu uokaji wa kawaida. Nimesikia kwamba zipo modeli ambazo hukataa kuwaka kabisa hitilafu ya kufuli ikishaandikwa, na kwa mwenye modeli ya namna hiyo siku 9 ni nyingi sana. Fundi mwenyewe alikuwa mtu makini. Alizima breka, akahakikisha kwa mita kwamba hakuna umeme, ndipo akafungua skrubu 4 za pembeni na kuniomba nimsaidie kuivuta oveni kutoka kwenye kabati. Hapo nikaona kwa nini wanakwepa kueleza: kifaa cha kufuli kimefungwa juu ya paa la oveni, chini ya bati, na hakuna namna ya kukifikia bila kuitoa oveni yote.

Aliichomoa ile swichi ndogo akaishika karibu na sikio langu na kuibonyeza. Hakukuwa na mlio. Kisha akatoa nyingine kwenye mkoba wake, akaibonyeza, ikasema "tik", kavu na safi, na alipoiachia ikasema tena. Ile ya zamani plastiki yake ilikuwa imebadilika rangi, na kitufe chake kilizama kama kimetiwa gundi. "Joto limeipika, dada," alisema, akaiweka mezani. Nilidhani kazi imekwisha, maana swichi ya kuibadilisha ilikuwa mkononi mwake. Akanieleza kwamba ile ni ya modeli nyingine na kwamba kampuni haiuzi swichi ya modeli yangu peke yake. Huuza kifaa kizima, yaani mota, kigurudumu, bati la kushikia na swichi, kwa pamoja. Mota yangu nzima ilitupwa kwa ajili ya kitu cha ukubwa wa ncha ya kidole gumba. Waranti ilikuwa bado hai, hivyo sikulipa, lakini ninamfikiria yule ambaye waranti yake imekwisha.

Sioni haya kuuita huu uamuzi mbaya wa usanifu. Oveni inapojisafisha, feni ya kupoozea hupuliza hewa juu ya paa lake hasa ili kulinda bodi na nyaya, na kwa kweli bodi yangu haikudhurika. Swichi ya kufuli, hata hivyo, imewekwa mbele, nyuma kidogo tu ya ukingo wa mlango, mahali ambapo hewa moto hutoka pale gasketi ya mlango, yaani ukanda unaoziba mwanya kati ya mlango na fremu, inapolegea. Fundi alinionyesha kipande cha gasketi, karibu urefu wa kiganja, kilichokuwa kimebonyea na kupoteza nyuzi zake. Gasketi za oveni hizi hufumwa kwa nyuzi za kioo, na hazitakiwi kusuguliwa kwa dawa wala brashi. Nilikuwa nimeisugua, zaidi ya mara moja, kwa nia njema. Kwa hiyo sehemu ya lawama ninaibeba mimi, ingawa onyo hilo lingestahili kuandikwa mlangoni kuliko ukurasa wa 41.

Mafundi wengine wana msimamo kwamba kujisafisha kusiguswe kabisa, kwa kuwa joto lile huunguza pia fyuzi za joto na kuchosha sehemu za bodi. Mimi sijafika huko. Uchafu mwingi huondoka kwa programu ya mvuke, ambayo hutumia maji kidogo na joto dogo kwa muda usiozidi nusu saa hivi, na ambayo katika oveni nyingi haihitaji hata kufunga mlango. Inashindwa tu kwenye ukoko wa zamani. Ninaihifadhi ile ya joto kali kwa ajili ya ukoko huo, nikikumbuka kwamba rafu za waya zinazong'aa hupauka zikiachwa ndani, kwamba dawa za kusafishia oveni zisipakwe kwenye enameli kabla yake, kwamba madirisha yawe wazi, na kwamba ndege wa kufugwa wahamishwe nyumba nyingine au mbali na jiko, maana mapafu yao hayavumilii moshi ule.

Kabla fundi hajairudisha oveni mahali pake, nilimwomba apime kihisi joto, ingawa hakikuwa kibovu. Kilisoma omu 1,083. Niliandika namba hiyo na tarehe kwenye kipande cha utepe nikaubandika ubavuni mwa kabati, pamoja na mchoro mdogo unaoonyesha ndoana hutoka kuelekea kushoto. Tangu siku hiyo nimeianzisha programu ya kujisafisha mara moja tu, asubuhi, nikiwa nyumbani mwanzo hadi mwisho, na mdogo wangu akijua breka ni ipi.